Chumvi, Uzi na Mizani: Mnyampala na Neno "Sheria" katika Ushairi

Mwaka 1954 vilitoka vitabu viwili ambavyo wapenzi wa ushairi hawajazoea kuvitaja kwa pumzi moja. Kimoja ni Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, cha Kaluta Amri Abedi. Cha pili ni Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, cha Mathias Mnyampala. Cha kwanza kimefanywa kipimo cha kila tungo, pwani na bara. Cha pili kimeachiwa wanahistoria, na wengi wanaomjua Mnyampala kwa mashairi yake hawajapata kukifunua.

Yafaa kutazama walikotoka waandishi hawa. Amri alizaliwa Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, na mwaka 1963 akawa Waziri wa Sheria wa Tanganyika, kana kwamba jina la kitabu chake lilimtabiria. Mnyampala alizaliwa Ihumwa, karibu na Dodoma, mwaka 1917. Alikuwa Mgogo na Mkatoliki, akafanya kazi ya ualimu, ukarani na uliwali, na hatimaye akawa hakimu. Aliyeziandika sheria za ushairi wetu kitabuni, basi, ni mtu wa ziwani, na mmoja wa waliozitii kwa bidii kubwa kabisa ni mtu wa nyanda za juu za kati, mamia ya kilomita kutoka maji ya chumvi. Hata hivyo, kila zinapozushiwa mjadala, sheria hizo hutetewa kama mali ya pwani, tena kama mali ya maumbile, kitu ambacho ushairi wa Kiswahili hauwezi kukikosa ukabaki kuwa ushairi. Madai haya mawili hayafanani, na kuyachanganya kumeudhuru uhakiki wetu kwa muda mrefu.

Neno sheria katika Kiswahili limebebeshwa mizigo mitatu. Iko sheria ya hakimu, ambayo watu huivunja kila siku, ndiyo maana mahakama hazikosi kazi. Iko sheria ya maumbile, ambayo hapana aliyepata kuivunja: jiwe likiachwa hewani huanguka, liwe la tajiri au la maskini. Na iko sheria ya fani, ambayo ndiyo aliyoikusudia Amri. Wasomaji wake wengi wameipokea kwa maana ya pili. Wanaposema kwamba utungo usio na vina na mizani si shairi, hawabainishi ni "si" ya namna gani. Je, si shairi kama vile ndoa isiyo na mashahidi isivyokuwa ndoa mbele ya kadhi? Au si shairi kama vile kitu kisichoungua, kisichotoa joto wala mwanga kisivyokuwa moto? Ya kwanza ni hukumu ya watu waliokubaliana. Ya pili ni dai juu ya dhati ya kitu, na dai la dhati ni zito, halibebwi kwa mkono mmoja.

Uzito wake ulipimwa zamani na wanazuoni ambao majina yao hayatamtisha msomaji wa visiwani. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika Tahafut al-Falasifa kwamba pamba na moto vikikutana, tunachokiona ni kuungua kunakofuatana na mkutano huo, wala hatuoni ulazima wowote unaoviunganisha. Mwenyezi Mungu ameijaalia ada hiyo na aweza kuizuia. Ibn Rushd, aliyefariki mwaka 1198, alimjibu kwamba kila kitu kina dhati yake na kila dhati ina kazi yake, na kwamba moto ukinyimwa kazi yake hautabaki na chochote cha kustahiki jina la moto. Anayeondoa sababu, alisema, ameiondoa akili. Ugomvi huu haujafungwa. Katika karne ya 18 David Hume wa Uskochi aliutetea upande unaokaribia ule wa al-Ghazali, ingawa kwa nia nyingine kabisa, na mwaka 2001 Brian Ellis wa Australia alichapisha kitabu kizima, Scientific Essentialism, kutetea kwamba sheria za maumbile ni za lazima kwa sababu zinatoka katika dhati za vitu vyenyewe.

Mfano unaowafaa watu wa bahari ni wa chumvi, ambao mwaka huohuo wa 2001 Mwingereza Alexander Bird aliufanyia kazi vizuri. Huenda mtu akadhani kwamba chumvi kuyeyuka majini ni bahati ya dunia hii tu, na kwamba ingewezekana kuwapo dunia nyingine ambamo chumvi ni ileile na maji ni yaleyale ila haiyeyuki. Bird alionyesha kwamba haiwezekani. Chembe za chumvi zimeshikamana kwa mvutano wa umeme wa chanya na wa hasi, na ni mvutano huohuo unaoyapa maji nguvu ya kuzitenganisha chembe hizo. Ukiuondoa mvutano ili chumvi isiyeyuke, umeiondoa chumvi yenyewe. Hicho ndicho kipimo cha dhati: kitoe, kisha utazame kama kitu kimebaki.

Kipimo hiki kikitumiwa kwa shairi la Kiswahili, matokeo yake hayawapendezi sana wateteaji wala wapinzani. Lugha ya Kiswahili, kwa umbo lake, huishia kila silabi kwa irabu, isipokuwa silabi chache kama ile m ya "mtu", ambayo hubeba pigo lake yenyewe, na hivyo "mtu" akawa na mizani mbili sawa na "mbuzi". Mkazo wa neno hukaa karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa sababu hiyo, kuhesabu silabi ni kazi nyepesi, na kupata kina ni kazi nyepesi zaidi, kwani irabu ni tano tu. Huo ni uwezo uliomo ndani ya lugha, nao kweli unafanana na ule wa chumvi. Hakuna mtu aliyeuamuru, wala hakuna baraza linaloweza kuufuta.

Lakini uwezo wa kuhesabika si amri ya kuhesabu hadi 8. Utenzi una vipande vya mizani 8. Al-Inkishafi ina mizani 10. Wimbo wa mishororo mitatu aghalabu huwa na mizani 12, na shairi la tarbia lina 16 zilizogawanywa katikati. Zote hizi ni tungo za pwani, na zote zimeitwa tungo njema. Kama 8 na 8 ingekuwa dhati, Al-Inkishafi ingekuwa kasoro, na hapana mwenye akili timamu atakayelisema hilo akisikika Lamu. Zaidi ya hayo, neno kama "labda" huyu hulihesabu mizani mbili na yule huligawa kuwa tatu, na wote wawili hupita bila kuitwa kizimbani. Sheria ya maumbile haina ruhusa za namna hii. Chumvi haiyeyuki nusu kwa sababu mpishi amebanwa na nafasi.

Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwenye asili ya Oman, ambaye katika karne ya 8 alizipanga bahari za ushairi wa Kiarabu, alikuta watu wanaimba akasikiliza, ndipo akapanga. Alihesabu bahari 15. Baada yake ikaongezwa ya 16, inayonasibishwa na al-Akhfash, wala dunia haikutikisika. Amri Abedi naye alifanya kazi ya aina hiyo, na anastahiki sifa ya aina hiyo. Waliomgeuza kutoka mpangaji kuwa mfunuaji wa maumbile ni wasomaji wake.

Hapa ndipo habari ya Ihumwa inapokuwa nzito, kwa maana kosa la dhati halikukomea kwenye mizani, bali limewafikia watu. Kwa muda mrefu imesemwa, barazani zaidi kuliko vitabuni, kwamba mtu wa bara aweza kujifunza kuhesabu lakini hawezi kupata utamu, kwa kuwa utamu wa Kiswahili hunyonywa pamoja na maziwa ya mama. Yafaa kuyaona madai hayo yanavyotembea. Kwanza husemwa kwamba dhati ya shairi ni vina na mizani. Anatokea Mgogo wa Ihumwa, anazitimiza bahari za mashairi na za tenzi katika Diwani ya Mnyampala, mwaka 1963, na katika vitabu vilivyofuata. Ndipo kipimo kinapobadilishwa mshtakiwa akiwa tayari kizimbani: sasa dhati si mizani tena, ni damu. Lakini haiwezekani kushika yote mawili. Ama mizani ndiyo ushairi, na Mnyampala ni mshairi kamili. Ama mizani siyo, na Kezilahabi wa Ukerewe, aliyeiacha katika Kichomi mwaka 1974, hana la kujibu.

Mnyampala alikwenda mbali zaidi. Utenzi ulikuzwa pwani kwa visa vya vita vya dini, kwa sifa za Mtume na kwa mawaidha kama yale ya Mwana Kupona. Ilikuwa rahisi kuamini kwamba Uislamu umo ndani ya umbo lake kama mvutano ulivyomo ndani ya chumvi. Mnyampala akatunga Utenzi wa Enjili Takatifu na Utenzi wa Zaburi. Msomaji aweza kuzipenda tungo hizo au asizipende, na kweli zina kurasa ambazo bidii imezidi pumzi. Lakini kama kipimo cha dhati zimemaliza shauri. Dini imetolewa, utenzi umebaki.

Dai la dhati lilipata kuwafikia Wagogo kwa njia nyingine chungu zaidi, nayo ni njaa. Wageni wengi walioandika juu ya Ugogo waliizungumzia njaa kana kwamba ni sifa ya nchi na watu wake. Ni kweli kwamba Dodoma hupata msimu mmoja tu wa mvua, baina ya Desemba na Aprili, na kwamba wastani wake ni kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka. Hiyo ni hali ya maumbile. Bunge laweza kukaa Dodoma na kutunga sheria ya makao makuu, kama lilivyotunga mwaka 2018 kukamilisha uamuzi uliopitishwa tangu 1973, lakini halitungi mvua. Ama njaa kuu ya 1918 hadi 1920, ambayo Wagogo huiita Mtunya, haikuletwa na mawingu peke yake. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamepita, yamechukua nafaka, yamechukua ng'ombe, yamewachukua wanaume kuwa wapagazi. Ukame ulipofika ulikuta maghala yamekwisha kufagiliwa. Mnyampala alikuwa mtoto mchanga wakati huo. Mtu aliyelelewa katika nchi iliyopitiwa na jambo kama hilo, kisha akaona linaitwa tabia ya nchi, ana kila sababu ya kuandika historia ya watu wake kwa mkono wake mwenyewe, tena kwa Kiswahili, lugha ambayo Tanganyika nzima ingeisoma. Kitabu cha 1954 chapasa kusomwa hivyo. Nacho ni kazi ya mshairi kama vile diwani ilivyo.

Hata hivyo kumtetea Mnyampala dhidi ya hoja mbovu hakuondoi wajibu wa kumhakiki. Kuna kitu alikiacha nje ya mashairi yake, na kuachwa huko ni hasara.

Ugogo una sheria moja ya maumbile iliyo hai katika sanaa yake, nayo imo katika uzi wa zeze. Uzi ukipigwa, hautetemi mzima tu. Hutetema pia kwa nusu zake, kwa theluthi zake, kwa robo zake na kuendelea, na kila sehemu ina sauti yake ndogo iliyojificha ndani ya sauti kubwa. Jambo hili ni kweli Chamwino na ni kweli Vienna. Halikuanzishwa na mtu wala haliwezi kukatazwa. Watafiti wa muziki, miongoni mwao Gerhard Kubik wa Austria, wameeleza kwamba uimbaji wa Wagogo umejengwa juu ya sauti hizo, kuanzia ya nne hadi ya tisa. Ile ya saba huwa chini kidogo kuliko noti ya kinanda iliyo jirani yake, na mgeni aliyezoea kinanda huweza kudhani kwamba mwimbaji amekosea. Hakukosea. Uzi wenyewe ndio unaosema hivyo, na kinanda ndicho kilichorekebishwa na watu.

Lakini hata hapa maumbile hayakumaliza kazi. Uzi una sauti nyingi zaidi ya hizo, na walioamua kuanza na ya nne na kuishia na ya tisa, na kuzipanga katika kuitana na kuitikiana, ni Wagogo. Maumbile yalitoa, ada ikachagua. Hali ni hiyohiyo kwa Kiswahili, lugha iliyotoa silabi ambazo wahenga wa Pate, Lamu na Mombasa walizichagulia 8, 10 na 12. Tofauti iko mahali pamoja. Anayekosea mizani hupata guni, na msikilizaji hukunja uso. Anayetaka uzi utoe sauti usizokuwa nazo hapati kitu.

Mnyampala alikuwa na masikio mawili, moja la uzi na moja la mizani, na katika mashairi yake msomaji hulisikia la pili. Alipoingia katika bahari za pwani aliingia kama mtu anayejua kwamba atakaguliwa mlangoni, akaacha mzigo wake nje. Huwezi kumlaumu. Aliyeambiwa kwamba hana damu ya ushairi atahesabu mizani zake mara mbili, hana nafasi ya kuchezacheza. Ndiyo maana ubaguzi wa dhati ni hasara hata kwa wanaoufanya: pwani ilipata kutoka Ugogo mwanafunzi mtiifu, ilhali ingeweza kupata bahari mpya.

Hukwe Zawose alipita njia ya kinyume. Alizaliwa Ugogo miaka ya mwisho ya 1930 na kufariki mwaka 2003, naye aliteremka na zeze na ilimba hadi Bagamoyo, akapiga na kufundisha mbele ya bahari bila kuzilegeza nyuzi zake ili zifanane na za mtu mwingine. Kizazi kizima cha wasanii wa Chuo cha Sanaa kilijifunza kuisikia sauti ya saba kuwa ni sawa. Yeye hakuulizwa kama ana damu ya pwani, pengine kwa sababu hakuomba kuingia katika fani ambayo pwani iliiona ni yake.

Lililobaki la kusemwa juu ya Mnyampala ni ngonjera, ambazo ndizo zilizompa jina kubwa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Nyerere aliwataka washairi waufikishe ujumbe wake kwa watu, na Mnyampala, akiwa kiongozi wa UKUTA, aliitikia kwa mashairi ya kusemezana na kuigizwa. Udhaifu wake unajulikana. Asiyejua na anayejua wanajibizana, na msomaji anaujua mwisho tangu ubeti wa kwanza, kwani asiyejua lazima atakubali. Katika majibizano ya Mombasa ya zama za Muyaka, kila ubeti ulipelekwa bila kujua utarudi na nini, na hatari hiyo ndiyo iliyowapa uhai. Ngonjera hazina hatari. Wapo wanaosema kwamba hapo ndipo Ugogo wa mtunzi unapoonekana. Huo ni upuuzi. Ubapa wa ngonjera una sababu iliyo wazi, nayo ni kwamba jibu lilikuwa limekwisha kutolewa na serikali. Mashairi ya kuagizwa yamedhoofika vivyo hivyo kwa watunzi wa Tanga, wa Mombasa na wa Unguja, wenye damu ya pwani kizazi baada ya kizazi.

Kwa upande wa pili, wafuasi wa mashairi ya kisasa nao wamekosea kwa namna yao. Wakishagundua kwamba mizani si maumbile, hukimbilia kusema kwamba basi ni minyororo mitupu. Hii ni kuruka. Ndoa mbele ya kadhi nayo si maumbile, ni makubaliano, na watu wamejenga nyumba na ukoo juu yake. Mulokozi na Kahigi, katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu ya mwaka 1979, walikuwa na subira zaidi, kwani waliuliza ushairi ni nini kabla ya kuuliza nini kitupwe. Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu ya mwaka 1988, aliurudisha mjadala kwenye majina: wahenga walikuwa na tungo za aina nyingi na kila aina ilikuwa na jina lake, na shairi ni moja tu kati ya hizo. Hoja yake ina nguvu kuliko inavyokubaliwa na wapinzani wake, kwa sababu haihitaji dhati hata kidogo. Mtu aweza kusema kwamba tungo za Kichomi ni njema sana na papo hapo akasema kwamba jina la shairi lilikwisha kuwa na mwenyewe. Ni hukumu ya kadhi, na hukumu ya kadhi hukatiwa rufaa. Kezilahabi, ambaye aliendelea kutunga hadi Dhifa ya mwaka 2008, aliikata rufaa hiyo kwa njia inayofaa, yaani kwa kuandika vizuri.

Mnyampala hakuyaona haya. Alifariki Juni 1969. Kitabu cha kwanza cha Ngonjera za UKUTA kilichapishwa mwaka 1970 na cha pili mwaka 1971, na tawasifu yake, Maisha ni Kugharimia, ilisubiri hadi 2013 kuchapishwa. Katika miaka ya 1970 watoto wa shule walizighani ngonjera zake uwanjani, wamesimama safu mbili, upande mmoja ukiuliza na wa pili ukijibu, mizani 8 kwa 8, na wengi wao hawakujua kwamba aliyewatungia ni Mgogo.